Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Kujisomea, Mwanza

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirudia. Tulikutana Jumamosi pale Nyegezi, tukasoma Utetezi wa Socrates, Juliasi Kaizari katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wanachama ni 34. Ada iliyotarajiwa shilingi 816,000, iliyokusanywa 312,000. Fotokopi 138,000, viti na chai 96,000, baki 78,000. Daftari la mweka hazina liko wazi kwa yeyote.

Sasa nije kwenye suala lililosemwa sana pembeni: uamuzi wa kusoma jometri ya Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, kwa miezi minne na kuahirisha safari ya Ukerewe. Imesemwa kwamba mwenyekiti anawarudisha watu sekondari. Ndugu zangu, katika vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya mwanafunzi alianza na sarufi, mantiki, balagha (ufundi wa kusema), hesabu, jometri, muziki na falaki (elimu ya nyota). Tukichukua hadithi na falsafa tu, tumejipunja. Tafsiri za Kiswahili tulizosomea jometri hiyo niliziandika mwenyewe, usiku, bila malipo, na sijadai hata nauli.

Waliohudhuria ni mashahidi. Siku ya hoja ya kwanza ya Euclid tulichora sakafuni kwa chaki na kamba: mstari mmoja, kisha mduara kutoka kila ncha, kamba ikiwa na urefu wa mstari ule ule. Pale miduara inapokatana unaunganisha na ncha zote mbili, unapata pembetatu yenye pande sawa. Mwenzetu fundi mitumbwi wa Kirumba akauliza, “Nani kasema lazima ikatane?” Tukapekua kanuni zote za mwanzo, hatukuona inayosema hivyo. Pengo hilo limejadiliwa na wataalamu wa hisabati, na fundi wetu aliliona kwa macho yake, akiwa amechuchumaa na chaki mkononi. Kama hiyo si elimu, sijui tunatafuta nini. Tulifika hoja ya 47, ile ya Pythagoras kuhusu pande za pembetatu yenye pembe mraba, tukiwa watu watano.

Watano kati ya 34! Wengi wanaolalamika kwenye grupu hawakuonekana hata siku moja. Safari nayo ilihitaji 640,000. Waliolipa ada kamili ni 13. Kivuko cha kwenda Nansio, Ukerewe, hakipandwi kwa ahadi. Nami natamani kwenda kwao mzee Kitereza, mwandishi wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyekamilisha kitabu chake hicho kwa Kikerewe mwaka 1945 kikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, lakini fedha ndiyo hiyo.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia uwezekano wa safari, labda na falaki kidogo wakati wa kiangazi. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti