Taa zielekezwe chini, si machoni mwetu

Mhariri,

Mimi ni mshona kofia wa Mkomani, hapa Lamu. Macho yangu yote mawili yana mtoto wa jicho na nangojea upasuaji. Mwezi uliopita mwanangu alikuja kutoka Mombasa na globu nyeupe pe ya wati 20, akaitundika katikati ya dari bila kifuniko. "Mama, sasa utaona hata tundu la sindano." Alifanya kwa mapenzi, lakini ilinitia kiwi hata kofia yenyewe sikuiona.

Lenzi ya jicho ikishaingia ukungu, mwanga mkali hutawanyika humo ndani na kufunika kile unachokitazama. Sisi wazee twahitaji mwanga zaidi ya vijana, ila utue kwenye kazi, usitupige mboni. Tena kuta zetu ni za chokaa nyeupe, na siku hizi wengi wametia vigae vya kung'aa. Taa moja kali ikiwaka, ukuta unakurudishia na sakafu nayo vilevile.

Sasa nashonea taa ya mezani yenye shingo ya kupinda na kifuniko chake, globu ya wati 7 iliyoandikwa 2700K, ile ya rangi ya kandili. Naiweka kushotoni, maana nashona kwa mkono wa kulia na sitaki kivuli cha mkono. Ukiisogeza taa nusu ya umbali, mwanga juu ya kitambaa huwa kama mara nne. Mapajani natandika buibui kuukuu, kofia nyeupe ikajitokeza vizuri juu ya weusi. Ngazini nimepaka ukingo wa kila daraja rangi ya buluu. (Wapo wanaopendelea mwanga mweupe, kila mtu ajaribu kwa macho yake.)

Wenye maduka, naomba mtuletee globu za mwanga wa manjano kama hiyo yangu. Nilizunguka maduka matatu nikaambiwa hazitoki.

Na mliotia taa za ulinzi milangoni, vichochoro vyetu ni vyembamba. Usiku mmoja baada ya isha taa ya jirani ilinipiga usoni, nikagongana na punda aliyebeba mchanga, bega likaumia kwenye baraza. Nilikwenda kumweleza jirani kwa upole. Alichukua bisibisi akaiinamisha, haikumchukua hata dakika tano. Jana usiku nimepita pale pale, punda nikamwona angali mbali, nikampisha.

Mshona kofia,
Mkomani, Lamu