Karoti haikuota? Kabla hujarudisha pakti, soma hapa

Kila msimu wa kaskazi dukani kwetu huja lalamiko la aina moja: "Mbegu zenu za karoti zimekufa." Mteja kanunua pakti, kalima tuta uani, kamwaga mbegu, katia maji siku mbili tatu, na wiki imepita hakuna hata jani. Jirani yake aliyepanda mchicha siku ile ile tayari anapunguza miche. Hapo lawama yote huiangukia mbegu, na muuza mbegu naye hasalimiki.

Kuna siku mteja huwa na haki. Mbegu kongwe zipo sokoni, hilo hatulifichi. Lakini mara nyingi zaidi mbegu ilitoka dukani ikiwa hai, ikafia tutani ndani ya wiki mbili za mwanzo. Wiki mbili hizo ndizo tunazotaka kuzizungumza hapa kuliko kitu chengine chochote, kwa sababu karoti ikishavuka hapo haina makuu.

Kwanza tumalize suala la mbegu. Huna haja ya kubishana na sisi wala kutuamini, ipime mwenyewe. Tandaza tishu iliyolowa kwenye sahani, panga mbegu 20, funika kwa sahani nyengine, weka ndani pasipopigwa na jua. Tishu isikauke hata siku moja. Baada ya siku kumi hesabu zilizotoa mzizi. Karoti si mahindi, haioti yote. Zikiota 12 hadi 16 kati ya 20, mbegu hiyo ni nzima kabisa. Zikiota chini ya kumi, turudishie pakti na sahani yako.

Mbegu ya karoti ina adui wawili, joto na unyevu, na visiwani kwetu Zanzibar wote wawili wapo mwaka mzima. Pakti ambayo haijafunguliwa inaweza kukaa miaka miwili mitatu. Ile iliyofunguliwa ikaachwa jikoni juu ya kabati, karibu na mvuke wa vyungu, hupoteza nguvu upesi sana. Ikibaki, itie kwenye chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kijiko cha mchele uliokaangwa ukakauka kisha ukapoa, uweke chupa kwenye friji (si kwenye barafu). Kwa sababu hiyo hiyo sisi hatuuzi mbegu za karoti kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi, hata mteja akilalamika kwamba pakti ni nyingi kwake. Na kweli ni nyingi: gramu moja ina mbegu zinazokaribia 800.

Wengi huuliza kwa nini wasijiwekee mbegu zao wenyewe, kama wanavyofanya kwa bamia na mchicha. Kwa karoti haiwezekani hapa. Karoti ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza huhifadhi chakula kwenye mzizi, kisha hungoja baridi kali ya wiki kadhaa, chini ya nyuzi kumi hivi, ndipo itoe ua na mbegu. Unguja na Pemba baridi hiyo hatuijui. Kwa hiyo mbegu zote unazoziona hutoka kwenye nchi au milima yenye baridi. Na kile kichwa cha karoti unachokiweka kwenye kisosi cha maji kitakupa majani mazuri ya kutazama. Karoti mpya hakitoi.

Sasa msimu. Karoti inapenda ubaridi, ndiyo maana nyingi tunazonunua katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe huvuka bahari kutoka bara, sehemu za milimani kama Lushoto. Lakini tuna kipupwe chetu, na kinatosha kwa bustani ya nyumbani. Masika yakipungua, mwishoni mwa Mei, tayarisha tuta. Panda Juni au Julai. Upepo wa kusi unapoa, ardhi bado ina rutuba ya maji, na mzizi unakomaa kabla joto halijarudi. Ukipanda katikati ya masika, mvua moja kubwa inazikusanya mbegu zote mwisho wa tuta. Ukipanda Januari, ardhi tupu ya uani saa saba mchana huwa ya moto kiasi cha kukataa kuikanyaga pekupeku, na mbegu ya karoti ardhi ikipita nyuzi 35 huanza kugoma. Hata ikiota, joto hutoa karoti fupi, iliyopauka, isiyo na utamu. Vuli unaweza kujaribu, ila kwa kivuli na uangalizi zaidi.

Kuhusu aina, ushauri wetu ni mfupi. Kuroda huvumilia joto kuliko nyenginezo, na ndiyo tunayompa mtu anayeanza. Chantenay ni fupi na nene, inafaa pale ardhi isipokwenda chini sana. Nantes ni tamu na imenyooka vizuri, lakini inataka udongo laini na ubaridi. Hiyo tunampa aliyekwisha kuvuna mara moja.

Ardhi ndiyo inayotofautisha mteja wa Bububu na wa Makunduchi. Upande wa magharibi wa Unguja una kichanga na kinongo, udongo wenye kina. Kichanga ni kizuri kwa karoti, kinachokosekana ni chakula na uwezo wa kushika maji. Kitie samadi kongwe na mboji. Kinongo kina chakula, ila juu yake hufanya ganda gumu jua likipiga baada ya mvua, na kijichipukizi cha karoti, chembamba kama uzi wa cherehani, hakiwezi kulitoboa. Kinamo cha mabondeni, kile cha mpunga, tunakuambia wazi: usijisumbue. Upande wa mashariki na kusini, kwenye maweni, udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Huko panda kwenye tuta la kuinua lenye kingo za mawe au kwenye polo (gunia), na usiongeze majivu wala chokaa, kwani jiwe la matumbawe limekwisha kuijaza ardhi chokaa ya kutosha.

Chimba sentimita 25 hadi 30, uvunje kila bonge, utoe mawe, mizizi na ndago. Ndago hasa; ukiiacha itaitangulia karoti na hutaweza kuing'oa bila kung'oa miche. Samadi iwe ya zamani, imeoza mpaka haina harufu. Mbichi, na ya kuku zaidi, huifanya karoti ipasuke miguu miwili mitatu na kuota vinywele. Mbolea ya urea pia iwe kidogo au usiitie kabisa, utavuna majani mapana ya kumfurahisha mbuzi wa jirani.

Kuna jambo linalotusikitisha kuliko yote, nalo ni mchanga wa pwani. Mtu kasikia karoti inapenda mchanga, kaenda ufukweni na polo. Mchanga ule una chumvi, na katika mboga zote karoti ni miongoni mwa zinazoichukia chumvi zaidi. Vivyo hivyo maji. Nyumba nyingi za karibu na bahari zina visima ambavyo maji yake yana ladha ya chumvi. Minazi inayavumilia, karoti haitaki. Ikiwa chai yako ya maji hayo ina ladha usiyoipenda, basi usiyapeleke tutani, kinga maji ya mvua. Hata vumbi la makumbi, zuri kwa kulainisha udongo, lioshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa ikiwa makumbi yalivundikwa pwani.

Haya, sasa zile wiki mbili.

Karoti hupandwa pale pale itakapokaa. Usioteshe kitaluni kisha uhamishe kama unavyofanya kwa tungule (nyanya). Mzizi ukiguswa ukiwa mdogo, unapinda, na ulichokuja kuvuna ni mzizi wenyewe. Piga vifereji vya sentimita moja, umbali wa sentimita 20 hadi 25 kati ya kimoja na chengine. Tia maji kwenye kifereji kwanza, yanywee. Changanya mbegu na kikombe cha mchanga mkavu wa kawaida, ndipo unyunyize, usipate rundo hapa na upara pale. Funika kwa udongo uliochekechwa au mboji laini, nusu sentimita, isizidi moja. Ukizizika kina cha mbegu ya kunde, hazitoki.

Baada ya hapo tandika gunia la katani lililolowa, au makuti, juu ya tuta zima. Hii ndiyo sehemu watu wanayoiruka. Mbegu ya karoti huchukua siku saba mpaka ishirini na moja kuota, na muda wote huo sentimita ile ya juu ya ardhi haitakiwi kukauka hata mchana mmoja. Mbegu ikishaanza kuamka kisha ikakauka, haiamki tena. Mchicha unakusamehe ukisahau, karoti haisamehi. Tia maji asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa kwa msumari mwembamba, au ndoo yenye chujio. Ukimwaga kwa kata, unazihamisha mbegu.

Kuanzia siku ya tano funua pembe ya gunia kila siku uchungulie. Ukiona nyuzi za kijani za kwanza, ondoa gunia siku hiyo hiyo, jioni, si mchana. Ukichelewa siku mbili miche itakuwa mirefu, myeupe, imejilaza. Kisha inua makuti machache juu ya vijiti iwe kivuli chepesi kwa wiki moja, na uzungushie wavu, kwani kuku wa uani hawajui kwamba tuta hili ni la nani.

Mwenye kinongo ana njia moja ya zamani ya kuepuka lile ganda: changanya na mbegu za figili, chache tu. Figili huota kwa siku nne tano, hupasua ganda na kukuonesha mstari ulipo, na utaing'oa na kuila kabla karoti haijahitaji nafasi.

Miche ikifika urefu wa kidole, punguza. Tunajua inauma. Wateja wetu wengi, hasa kina bibi, wanaona dhambi kung'oa mche mzima. Lakini karoti zilizosongamana hutoa mizizi ya ukubwa wa kalamu. Acha sentimita tano kati ya mche na mche. Punguza jioni baada ya kutia maji, uikate kwa mkasi usiitikise inayobaki. Hapo mambo ni mepesi: palilia, tia maji mengi mara chache badala ya kidogo kila saa, na kila ukiona bega la karoti limetokeza juu ya ardhi, lifukie, kwa sababu jua huligeuza kijani na likawa chungu. Kwa Kuroda hesabu miezi mitatu hivi. Fukua moja kwa kidole utazame unene wake kabla ya kung'oa zote.

Usiitupe karoti mbovu, inakwambia ilichopitia. Iliyopasuka kwa urefu ilikaa na kiu muda mrefu, kisha ikapata maji mengi kwa mkupuo. Yenye miguu miwili ilikuta jiwe, bonge au samadi mbichi. Nyembamba yenye majani mengi ilisongamana au ilipewa urea. Ukiona vinundu vidogo vidogo kama shanga kwenye mizizi, hiyo ni minyoo fundo, na karoti hizo usizirudishe kwenye mboji. Mahali hapo usipande karoti, tungule, bamia wala bilingani msimu unaofuata. Ututafute au umwone bwana shamba wa shehia yako.

Wakaazi wa Ng'ambo na Michenzani wasio na uwanja watumie polo la mchele la kilo 25 lililokunjwa nusu, au ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Jaza mchanganyiko wa kichanga, mboji na pumba za mpunga zilizooza. Ndoo moja huchukua karoti kumi na mbili hivi, zinazotosha achari ya chupa moja na kachumbari ya pilau ya Ijumaa. Weka pale penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ndoo hukauka haraka kuliko tuta, ipe maji kila siku.

Kwa upande wetu, kila shehena ya mbegu za karoti inapoingia tunaipima kwenye sahani kwa njia ile ile tuliyokueleza juu, na tunaandika kwa kalamu nyuma ya pakti tarehe ya kupima na ngapi zimeota kati ya 20. Pakti isiyo na maandishi hayo, usiipokee kwetu. Wateja wa Wete, Chake Chake na Mkoani tunawatumia kwa boti, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko usiopitisha unyevu. Magunia ya katani ya kutandika tunayo pia, yaliyotumika, kwa bei ndogo.

Ukija kununua, njoo na kiganja cha udongo wako kwenye mfuko, na utwambie maji unayotilia ni ya bomba, ya mvua au ya kisima. Ikiwa ni ya kisima, tia kidogo kwenye chupa ulete pia.