Mninga wako umekauka? Usiung'oe kwanza

Kila ifikapo Agosti simu huanza kuingia kitaluni: "Miche ya mninga mliyoniuzia imekufa yote." Majani yamepukutika, kijiti kimekauka hadi chini. Wengine hupiga wakiwa wameshang'oa.

Kabla hujafika huko, fukua udongo kidogo shinani na ukwaruze ganda la mzizi kwa ukucha. Ukikuta pabichi, mche ungali hai. Ndivyo mninga ulivyo: miaka ya mwanzo shina hufa kila kiangazi na kuchipua upya mvua zikikaribia, huku mzizi ukinenepa chini na kujiwekea akiba. Mchezo huo unaweza kuendelea miaka kumi, hata zaidi, mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina lisilokauka tena. Kwao ni misitu mikavu ya miombo, ambako kiangazi ni kirefu na moto hupita mara kwa mara. Cha juu huungua, cha chini hubaki.

Miombo hiyo inaanzia huku kwetu, Tabora, Katavi, Ruvuma, Lindi na Morogoro, ikashuka Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Mninga wenyewe unafika hadi Namibia na kaskazini mwa Afrika Kusini. Kenya si kwao kwa asili, na wateja wa huko tunawaambia hivyo kabla hawajalipa. Unataka jua kamili na udongo usiotuamisha maji. Bondeni kwenye mpunga, sahau. Chini ya mwembe pia.

Bei ya mche inalalamikiwa, tunajua. Tunda lake ni duara bapa, upana wa karibu sentimita 10, ukingo kama karatasi, katikati limejaa miiba myembamba, na ndani mna mbegu moja au mbili tu. Kuzitoa ni kazi ya vidole. Viriba vya kuoteshea miche navyo lazima viwe virefu, la sivyo mzizi mkuu hujikunja.

Anayetaka mbao za kuuza mwenyewe tunampa msaji (mtiki) bila kumzungusha. Mninga ni wa wajukuu, ingawa mbao zake hazisinyai ovyo na mchwa hawaziwezi kirahisi. Muulize fundi yeyote wa milango.

Msimu huu kila mche unatoka na kigingi chake cha kuchomeka pembeni ya shimo, ili mwenye jembe aone. Desemba ikiisha bila chipukizi, tutumie picha ya shina lililofukuliwa, tukupe mwingine bure.