Papa wa chukudu, aksanti

Papa, hatujui jina lako. Sisi ni wasichana wa timu ya mpira ya chuo, wale wa kiwanja chenye mawe ya lava, lava ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo ikaingia Goma mwaka 2002. Kila mechi tunakukuta umeshafika, chukudu yako, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imebeba bidoni mbili za maji yetu. Unapiga ngoma mpaka mwisho, hata tukifungwa matatu.

Lakini siku tusiyoweza kuisahau ni ile mwenzetu alipoanguka akachanika goti. Lava inakata kama kisu, wanaocheza huku wanajua. Ulimwosha kidonda polepole, ukamkalisha kwenye chukudu, ukamsukuma mwenyewe hadi hospitali, mlima wote ule, jasho likikutiririka. Tulipochanga franka kidogo tukuletee, ulikataa. Ulisema tu, “Huyu ni mtoto wangu.” Papa, tulilia.

Kidonda kimepona. Wiki hii amegusa mpira tena, na wa kwanza aliyemuulizia ni wewe.

Ukisomewa ujumbe huu, njoo Jumamosi. Tumekushonea jezi, namba 12. Aksanti sana, Papa.