Sio ugonjwa umerudi, ni dawa imekatwa haraka

Mhariri,

Ile ripoti yenu ya watu wanaoacha dawa za sonona nimeisoma mpaka mwisho na imenichefua. Miaka yote nawasoma na kukaa kimya, ila hii hapana. Mnasema mtu akiacha dawa akaanza kuumwa, basi ujue ugonjwa umerudi, na kama kuna usumbufu wowote ni mdogo na unaisha ndani ya wiki. Hiyo wiki ni maneno ya mwongozo wa zamani wa Uingereza, na wenyewe walishayabadilisha tangu 2019. Chama chao cha madaktari wa akili kilikiri kwamba kwa baadhi ya watu dalili zinakuwa kali na zinaweza kukaa miezi, na mwongozo wa NICE, taasisi yao inayoandika miongozo ya tiba, ukarekebishwa mwaka huohuo. Nyie bado mnatulisha kiporo.

Mdogo wangu alikuwa anatumia paroksetini kwa miaka, akakaa vizuri kabisa, daktari mwenyewe ndiye akamwambia sasa unaweza kuacha, kata nusu kwa muda mfupi kisha basi. Siku chache baada ya kidonge cha mwisho akaanza kuniambia kuna shoti ya umeme inampiga kichwani kila akigeuza macho. Sio kichwa, macho tu! Ikabidi akitaka kutazama pembeni ageuze mwili mzima, chooni anaenda kashika ukuta, anatapika, usiku anaota ndoto za kutisha mpaka anaogopa kulala, mchana analia bila sababu na yeye mwenyewe anashangaa analia nini. Tukarudi kwa daktari, na jibu likawa hilohilo lenu: unaona, ugonjwa umerudi, wewe ni wa dawa maisha yako yote. Sasa naomba mtu anijibu, sonona yake ya mwanzo ilikuwa na shoti za umeme? Haikuwahi! Na mbona aliporudishiwa dawa zile shoti ziliisha siku ileile, wakati alipoianza mara ya kwanza alisubiri wiki kadhaa ndio akaona nafuu? Maswali hayo hayahitaji kipimo wala mashine, yanahitaji mtu akae amsikilize mgonjwa, lakini kwenye faili lake imeandikwa ugonjwa umejirudia na hakuna wa kuifuta hiyo.

Sisemi kila anayeacha anapitia haya. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi wa 2024 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 3 walioacha dawa halisi walipata dalili, na hata walioacha vidonge visivyo na dawa ndani, walivyopewa ili kulinganisha tu, karibu 1 kati ya 6 walilalamika, kwa hiyo sehemu fulani haitokani na dawa yenyewe. Waliopata dalili kali walikuwa kama 1 kati ya 35. Wachache, sawa, ila hesabu hiyo kwa mamilioni ya watu wanaomeza hizi dawa duniani halafu uniambie ni usumbufu mdogo.

Na sababu inajulikana. Paroksetini na venlafaksini zinatoka mwilini haraka, ndio maana zinasumbua kuliko fluoksetini ambayo inakawia kutoka. Halafu dozi na kazi yake kwenye ubongo haviendi sambamba. Sitalopramu, nayo dawa ya sonona, miligramu 20 inashika kama asilimia 80 ya vile visafirishaji vya serotonini (kemikali ya ubongo) inavyovilenga, lakini hata miligramu 3 tu inashika karibu nusu. Kwa hiyo kushuka kutoka 40 kwenda 20 mwili hauoni kitu kikubwa, kutoka 10 kwenda sifuri ndio balaa, kama ngazi ambayo kidato cha mwisho kina urefu wa ghorofa nzima. Na hizo dozi ndogo za kushukia ziko wapi? Watu wanakata vidonge kwa wembe, wanafungua kapsuli wanahesabu punje, wakati viwanda vinajua kabisa kutengeneza dawa ya maji. Uholanzi wamekuwa na vifurushi vya vidonge vinavyopungua kidogokidogo, wengine tunashindwa nini?

Halafu nyie na wenzenu hamuandiki kabisa kuhusu dawa kuisha dukani. Mgonjwa anaambiwa imeisha, pita wiki ijayo. Hiyo nayo ni kuachishwa ghafla! Na kwa dawa za kutuliza wasiwasi kama diazepamu mtu anaweza kupata degedege na kufa. Marekani 2020 waliagiza zote za kundi hilo ziwekewe onyo zito kabisa, ila anayemwambia mteja apite wiki ijayo anaongea kama amekosa sabuni.

Ninachotaka ni hiki. Karatasi ileile anayoandika daktari siku ya kuanza dawa iwe na nafasi chini ya kuandika dawa hii itaachwaje, kwa hatua zipi, na mgonjwa ampigie nani shoti zikianza, na isipojazwa mfamasia airudishe. Na nyie chapisheni marekebisho, ukurasa uleule, herufi zilezile, mkiweka wazi kwamba asiache mtu dawa peke yake wala ghafla. Wapo waliosoma ripoti yenu wakiwa kitandani na hizo shoti, wakaamini wamerudi kuwa wagonjwa, na wengine watakuwa wameshaongezewa dozi.

Msomaji wenu wa siku nyingi