Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na White Horse Close

Ndugu wanachama,

Poleni na baridi, na asanteni kwa kufika. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie jengo lililochukua sehemu kubwa ya mwaka wetu: White Horse Close, iliyokuwa zamani nyumba ya wageni waliosafiri kwa farasi, mwisho wa mtaa wa Canongate hapa Edinburgh, karibu kabisa na kasri la Holyrood.

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar haoni ugeni pale. Unapita kichochoro chini ya tao, kelele za barabara zinakatika, mara umetokea uani. Mbele yako ni nyumba nyeupe yenye vyumba vya mbao vilivyochomoza juu ya ukuta, na ngazi ya nje inayogawanyika kulia na kushoto. Kuta za ubavuni zinapanda hadi kileleni mwa paa kwa vidato, kama ngazi.

Siku ya ziara, mzee wetu mmoja aliyekuwa fundi ujenzi Unguja aliutazama ua ule mdogo, kisha akauliza: "Sasa farasi walilala wapi?" Ikabidi tuzunguke nyuma, Calton Road, ndipo tukaelewa. Nyumba imejengwa kwenye mteremko. Wageni walikuwa juu, wakiingilia uani. Mabanda ya farasi yalikuwa chini yao, mlango wake upande wa bonde. Mzee alitikisa kichwa kwa furaha, nami nakiri swali lake lilitufunza kuliko karatasi nilizowagawia.

Nyumba hiyo ya wageni inahusishwa na mfanyabiashara Laurence Ord, mwishoni mwa karne ya 17. (Tarehe 1623 iliyochongwa juu ya dirisha la paa isiwachanganye, wanahistoria hawaikubali.) Hapo ndipo abiria walipopandia magari ya farasi ya kwenda London. Tangazo la gari la Edinburgh la mwaka 1754 liliahidi kufika London kwa siku 10 kiangazi na 12 wakati wa baridi. Mwaka 1745 maofisa wa jeshi la Prince Charles Edward Stuart, aliyekuwa akidai kiti cha ufalme wa Uingereza, walifikia humo. Na mwaka 1793 alizaliwa kwenye ua huo William Dick, mtoto wa mfua chuma wa farasi, ambaye mwaka 1823 alianzisha chuo cha madaktari wa mifugo cha Edinburgh. Habari hii ndiyo niipendayo kuliko zote.

Kuna jambo moja la kusahihisha. Baadhi yetu tumekuwa tukiwaambia wageni kwamba Samuel Johnson, mwandishi maarufu wa Kiingereza, alifikia hapa mwaka 1773. Sivyo. Alifikia kwa Boyd, nyumba nyingine iliyoitwa pia White Horse, juu zaidi Canongate. Tuache kulirudia.

Kuhusu ukarabati, tulibishana sana. Jengo lilikuwa limechakaa mpaka mwaka 1889, Daktari John Barbour na dada yake waliponunua na kulitengeneza liwe makazi ya wafanyakazi. Miaka ya 1960 likajengwa upya kwa kiasi kikubwa, kwa michoro ya ofisi ya wasanifu ya Frank Mears. Wapo wanachama wanaosema lilipambwa kupita kiasi hata uzee wake ukapotea. Nawaelewa. Lakini jioni ile tulipokuwa tukiondoka, taa ziliwaka madirishani, na mama mmoja alikuwa akianua nguo. Watu wanaishi pale, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko usahihi wa kila kigae.

Kwa sababu hiyo hiyo kamati imeamua ziara zijazo ziwe za watu wachache, bila kupanda ngazi wala kupiga picha madirishani.

Kwa mwaka ujao tunapendekeza safari ya kwenda George Inn, nyumba ya wageni ya zamani huko Southwark, iliyojengwa upya baada ya moto wa 1676, na ya pekee London ambayo bado ina roshani zake za kale. Wanaotaka kwenda wampe katibu majina kabla ya chai.