Kwa vijana wa baraza letu: msomeni Malcolm mpaka mwisho

Wanangu,

Nimesikia kwamba Alhamisi mlimrudisha mlangoni binti wa Kizungu aliyekuja kuwauliza afanye nini ili asaidie. Mkamjibu kwa maneno ya Malcolm X, mpigania haki za Weusi wa Marekani, mliyoyabandika ukutani: kwamba mzungu ni shetani. Basi tuzungumze habari za Malcolm, maana mtu huyu nampenda tangu nikiwa na umri wenu.

Maneno yale ni yake, sibishi. Aliyasema akiwa msemaji wa Nation of Islam, chama cha Waislamu Weusi wa Marekani, chini ya kiongozi wake Elijah Muhammad, alipoamini kwamba mzungu ni shetani na kwamba Weusi wa Marekani wapewe ardhi yao, wajitenge. Na hakuyaokota bure. Baba yake alikufa Malcolm akiwa na miaka 6, na mwenyewe aliamini kuwa wazungu ndio waliomuua. Mama yake akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto wakatawanywa. Aliyeonja hayo, kisha akafungwa, akaambiwa gerezani kwamba shetani ana rangi, kwa nini asiamini?

Machi 1964 akajitoa katika chama kile, na Aprili akaenda kuhiji. Kutoka Makka aliandika kwamba amekula sahani moja na Waislamu wenye macho ya buluu na ngozi nyeupe pe.

Wengi wanaishia hapo Makka. Mimi naona Accra, Ghana, ndiko alikobanwa hasa. Huko alikutana na balozi wa Algeria, mwanamapinduzi kweli kweli, ila kwa sura ni mweupe. Malcolm akamweleza kwamba siasa yake ni uzalendo wa Weusi. Balozi akamwuliza: sasa mimi unaniweka wapi? Januari 1965 Malcolm alilisimulia jambo hilo mwenyewe, akakiri kwamba alikuwa akiwatenga watu waliojitoa kupindua dhuluma, na kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa ameacha kuitumia kauli ile ya uzalendo wa Weusi. Mwanamume aliyejulikana dunia nzima kwa kauli hiyo! Fikirini uzito wake.

Wala hakulegea. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Desemba, Abdulrahman Babu, mwanamapinduzi wa Zanzibar, akapanda naye jukwaani Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York. Alitaka nchi za Afrika ziipeleke kesi ya Weusi wa Marekani Umoja wa Mataifa. Jumuiya aliyoiunda Juni mwaka huo ilikuwa ya watu wa asili ya Afrika tu. Wazungu aliwaambia wakapambane na ubaguzi kwao, kwa wazungu wenzao. Kwa hiyo baraza lenu kuwa la Weusi tu si kosa, na sitawaambia mlivunje.

Kosa ni lile jibu. Miaka ya nyuma, mwanafunzi wa kike mzungu alimfuata Malcolm Harlem, akamwuliza afanye nini. Akamjibu: hakuna. Binti akaondoka analia. Malcolm alikuja kulijutia neno hilo, akasema laiti angejua jina lake, ampigie simu au amwandikie. Hakumpata. Tarehe 21 Februari 1965 akapigwa risasi mbele ya mkewe na binti zake, ana miaka 39.

Huyu wenu jina lake mnalijua, na anakaa mtaa wa pili. Mwendeeni kabla ya Alhamisi. Mimi nitakuja mapema, nikae naye.

Mzee wenu